Mwalimu wa Kiti cha Kulia

Kwenye ndege ndogo ya mafunzo, mwanafunzi hukaa kushoto, kiti cha rubani mkuu, na mwalimu hukaa kulia. Usukani upo pande zote mbili na pedali za mkia zipo pande zote mbili, kwa hiyo anachofanya mwanafunzi mwalimu hukihisi kwenye vidole na nyayo zake kabla mita hazijakionyesha. Kiti hicho cha kulia nimekikalia miaka kadhaa huko Florida, Marekani, nikiwafundisha vijana waliovuka bahari kutafuta leseni: Wahindi wengi, Wachina, Waarabu wa Ghuba, Waturuki, Wakorea, na mara mojamoja Mkenya au Mtanzania, ambaye atanipa shikamoo yangu kwenye jua kali la maegesho ya ndege, kisha tukishafunga mlango tunahamia Kiingereza, maana redioni hakuna lugha nyingine. Watu wakisikia nilikuwa nafanya kazi hiyo huniuliza kama haikuwa hatari kukaa angani na mtu asiyejua kurusha ndege. Si hatari sana. Mikono ya asiyejua inasomeka. Kinachotia hofu ni mdomo wake unaposema ndiyo.

Nitaeleza. Lakini kwanza, kwa nini waje mpaka Marekani?

Kwa Florida jibu rahisi ni jua na tambarare. Hakuna mlima, viwanja vidogo vya ndege vimetapakaa kila upande, vingi havitozi ada ya kutua, na mafuta ni nafuu kuliko Ulaya. Ndege za mafunzo nazo ni nyingi, hasa Cessna 172, ile ya injini moja na viti vinne iliyoanza kuuzwa mwaka 1956 na ambayo mpaka leo zimeshatengenezwa zaidi ya 44,000. China ina pesa na ina mashirika makubwa, lakini sehemu kubwa ya anga yake iko mikononi mwa jeshi, kwa hiyo kwa miaka mingi mashirika yake yamekuwa yakiwapeleka vijana nje wakajifunzie huko. India ina haraka: Februari 2023 Air India ilitangaza kununua ndege 470, na Juni mwaka huohuo IndiGo ikaagiza 500 kwa mpigo. Ndege zikiagizwa kwa mamia, marubani wa kuzirusha kwa zamu, usiku na mchana, huhitajika kwa maelfu, na shule za nyumbani hazitoshi.

Wala si jambo la juzi. Mwaka 1941 Uingereza ilikuwa ikipigwa mabomu na anga lake halikufaa kwa mafunzo, ikawapeleka vijana wake wa jeshi la anga Terrell, Texas, na Mesa, Arizona. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, kwa hiyo wale wa mwanzo walivuka mpaka kutoka Canada wakiwa wamevaa suti za kiraia, eti ni wanafunzi wa kawaida. Waliowafundisha walikuwa raia wa Marekani. Baadhi ya vijana wale walifia mazoezini, na makaburi yao yako hukohuko Terrell na Mesa hadi leo.

Sasa huyu mwalimu mwenyewe ni nani? Msomaji anaweza kumwaza mzee mwenye mvi aliyestaafu urubani. Wapo, ila ni wachache. Walio wengi ni vijana wa miaka 23 au 25 waliopata leseni zao jana na juzi, na sababu yake ni ajali.

Usiku wa Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka juu ya nyumba karibu na Buffalo, New York. Walikufa watu 50. Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka uliofuata, na kuanzia 2013 hakuna anayeajiriwa kuwa rubani msaidizi kwenye shirika la ndege bila kuwa na saa 1,500 angani, isipokuwa waliotoka jeshini na vyuo fulani, wanaopunguziwa. Leseni ya biashara mtu huipata akiwa na saa 250 hivi. Pengo la saa zaidi ya elfu moja atalijaza wapi? Kukodi ndege kwa pesa yake mwenyewe ni kufilisika. Akifundisha, kila saa anayoruka na mwanafunzi inaingia kwenye daftari lake pia, na mwanafunzi ndiye anayelipa. Hivyo mwalimu naye yuko njiani, na anahesabu.

Kilichonishangaza daima kuhusu sheria hiyo ni kwamba marubani wote wawili wa Colgan walikuwa wameshapita saa 1,500. Ndege yao ilipungua mwendo mpaka mabawa yakaanza kushindwa kuibeba, kifaa cha tahadhari kikautikisa usukani, na nahodha akauvuta. Alipaswa kuusukuma mbele ili pua ishuke na mwendo urudi. Hilo ni somo tunalolifundisha ndani ya wiki za mwanzo. Mwili wa binadamu unapoona ardhi unataka kuvuta. Hewa inataka usukume. Nimewahi kuwa na kijana mkubwa wa umbo, mpole kabisa chini, ambaye bawa la kushoto lilipozama katika zoezi hilo aliukumbatia usukani kifuani kwa mikono miwili na kuganda. Tulikuwa na kimo cha kutosha, kwa hiyo tulikuwa na muda. Sikumpiga kelele. Nilisema maneno tuliyokubaliana tangu siku ya kwanza, kwamba usukani sasa ni wangu, na vidole vyake vikafunguka vyenyewe, kwa sababu tulikuwa tumelirudia hilo chini, ndani ya ndege iliyozimwa, mpaka likamchosha.

Makabidhiano hayo yana hatua tatu na hayana mzaha. Anayetoa husema ametoa, anayepokea husema amepokea, aliyetoa huthibitisha kwa mara ya pili. Ndege zimewahi kuanguka huku kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayerusha.

Malipo ya mwalimu ni kichekesho. Katika shule nyingi analipwa kwa mita iliyo kwenye dashibodi, ambayo huanza kuhesabu injini ikiwaka na husimama ikizimwa. Maandalizi ya somo na mazungumzo ya baadaye aghalabu hulipwa kidogo, pengine hayalipwi kabisa. Majira ya joto ya Florida huleta radi karibu kila mchana, upepo wa bahari ukikutana na joto la bara, kwa hiyo unaamka saa kumi alfajiri uwahi kuruka kabla mawingu hayajasimama. Yakisimama mapema, mwalimu ni kama bodaboda siku ya mvua: amevaa, yuko tayari, hana abiria. Sheria nayo inamkataza kufundisha angani zaidi ya saa 8 katika kila saa 24, na wapo ambao siku anga likiwa safi huikaribia hiyo nane bila kula chakula cha mchana. Akitimiza 1,500 shirika linampigia simu, naye anaondoka. Mwanafunzi aliyetoka mbali anajikuta na mwalimu wa tatu kabla hajapata leseni ya kwanza, na kila mwalimu ana namna yake ya kutua. Sioni kwamba ni utaratibu wa haki. Faida yake moja ni kwamba mwalimu kijana bado anakumbuka vizuri alivyokuwa haelewi.

Mwanafunzi wa kigeni ana mzigo mwingine ambao mwenyeji hana. Kati ya marubani watekaji wa Septemba 11, 2001, wawili, Mohamed Atta na Marwan al-Shehhi, walijifunzia kurusha ndege katika shule moja huko Venice, Florida. Machi 2002, miezi sita baada ya wote wawili kufa na maelfu ya watu, shule yao ikapokea kwa posta barua za uhamiaji zinazothibitisha kwamba maombi yao ya viza ya mwanafunzi yamekubaliwa. Aibu ile iliunyoosha mfumo mzima. Leo mgeni huchukuliwa alama za vidole na kuchunguzwa na mamlaka ya usalama wa usafiri kabla hajaanza mafunzo, na mwalimu hana ruhusa ya kumpandisha mpaka kibali kitoke. Viza ya mafunzo ya ufundi nayo imefungwa kwenye shule iliyomwita. Shule ikimkataa, au ikifilisika, kijana hana pa kusimama.

Ndiyo maana anasema ndiyo.

Jioni moja nilikuwa na kijana wa Kihindi aliyekuwa na redio nzuri kuliko wenzake wote. Sauti tulivu, haraka ya wastani, hakosi neno. Tulikuwa tunaruka sambamba na njia ya kurukia ili tugeuke mara mbili na kutua, kama kawaida. Mwongozaji wa mnarani akatuambia tuendelee mbele bila kugeuka mpaka yeye atakapotuambia, kwa kuwa kulikuwa na ndege nyingine inayokuja moja kwa moja kutua na sisi tungekuwa wa pili. Kijana akayarudia maelekezo yote, neno kwa neno, kama inavyotakiwa. Nikatazama nje kuitafuta ile ndege nyingine. Tulipofika mahali ambapo kwa kawaida hugeuka, akageuka.

Nikachukua usukani, nikairudisha ndege kwenye mstari wake, na mwongozaji akatukumbusha kwa sauti ya ukali kidogo. Tulipokuwa chini nilimuuliza mwongozaji alisema nini. Akanisomea yote tena bila kukosea. Nikamuuliza maana yake. Akatazama magoti yake.

Kijana huyo hakuwa mjinga, na Kiingereza chake cha darasani kilikuwa kizuri kuliko changu. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliweka viwango sita vya Kiingereza cha marubani, na tangu Machi 2008 anayeruka kimataifa anatakiwa awe na kiwango cha nne angalau, kinachopimwa upya kila baada ya miaka mitatu. Mtihani huo hupima matamshi, sarufi, msamiati, ufasaha, uelewa na namna ya kujibizana. Yeye angeufaulu. Kilichokuwa kimekosekana ni ruhusa ya kusema hajaelewa, na ruhusa hiyo hakuna mtihani unaoitoa.

Nyumbani kwao, kama kwetu, mwalimu habishiwi. Tunasema kuuliza si ujinga, ila kila aliyekaa kwenye madawati yetu anajua darasa hucheka nani. Ongeza pesa. Mafunzo haya hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Kuna baba amekopa benki, kuna shamba limeuzwa, kuna mjomba ameahidi mbele ya ukoo. Kila somo linalorudiwa ni saa nyingine ya ndege na saa nyingine ya mwalimu. Kusema sijaelewa ni kuiandikia familia hundi.

Ubaya ni kwamba tabia hii haikomei shuleni. Machi 27, 1977, pale Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia ndani ya ukungu, watu 583 wakafa. Nahodha wa ndege ya KLM iliyoanza kupaa bila kibali alikuwa mkuu wa mafunzo ya ndege hiyo katika shirika lake. Msaidizi wake alikuwa amepimwa naye miezi michache tu nyuma. Fundi wa ndege aliyekaa nyuma yao aliuliza kama ile ya Pan Am imeshatoka njiani. Nahodha akajibu kwa mkato kwamba imetoka. Hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Januari 25, 1990, ndege ya Avianca kutoka Colombia ilizungushwa angani karibu na New York mpaka ikaishiwa mafuta na kuanguka Long Island, walikufa 73. Rubani msaidizi alishawaambia waongozaji kwamba mafuta yanaisha, lakini hakutamka tamko la dharura, lile ambalo humlazimu mwongozaji kuwaweka wengine wote pembeni. Aliomba kwa adabu.

Na ipo ya kwetu. Usiku wa Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways, safari namba 507, ilipaa kutoka Douala, Kamerun, ikaanza kulalia kulia taratibu gizani, ikaangukia kwenye mikoko kilomita chache tu kutoka uwanjani. Wote 114 waliokuwemo walikufa, na mabaki yalichukua karibu siku mbili kupatikana. Nahodha alikuwa na saa zaidi ya 8,000, msaidizi wake 800 na ushei. Ripoti ya uchunguzi, iliyotoka 2010, iligusa na suala la watu wawili wasiolingana: mmoja mwenye sauti kubwa, mwingine aliyejirudisha nyuma. Nilikuwa nikiwasomesha wanafunzi wa Afrika Mashariki ripoti hiyo ukurasa kwa ukurasa, na ndio waraka pekee ambao sikuwahi kumwona yeyote akiusoma huku akichezea simu.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mwalimu wa wageni ni kuiondoa ile ndiyo. Niliacha kabisa kuuliza umeelewa, kwa sababu jibu lake nalijua. Badala yake:

"Haya, nieleze mimi. Mimi ndiye mwanafunzi."

Mwanzoni hawapendi. Wanaona unawatega. Njia ya pili niliyoiiba kwa mwalimu wangu wa zamani ni ya kukosea makusudi. Tukiwa bado chini, injini haijawashwa, nasoma orodha ya ukaguzi na kuruka mstari mmoja, au naweka masafa ya redio ya uwanja mwingine, halafu nasubiri. Wengi hunyamaza wiki nzima huku wameona. Binti mmoja wa Dar es Salaam alivumilia siku kadhaa, mwishowe akanigeukia:

"Shikamoo mwalimu, samahani sana, naona kama mstari wa mafuta umepitiwa."

"Marahaba. Nimepitiwa au nimeuruka?"

"Umeuruka, mwalimu."

"Basi angani sema hivyohivyo, anzia hapo."

Shikamoo na samahani zote ni tunu, na mimi ni wa mwisho kuzikataa. Lakini ukizitanguliza ndege ikiwa futi 300 juu ya ardhi na mwendo unapungua, zinakula sekunde ambazo hamna. Yule binti alielewa upesi kuliko nilivyotegemea. Kufikia mwezi uliofuata alikuwa ananisahihisha hata pale ambapo sikuwa nimekosea, na nikawa namshukuru hivyohivyo, kwa meno.

Mambo mengine ya kufundisha wageni ni madogo na hayahitaji maneno mengi. Aliyekulia China amezoea kimo cha ndege kinachotajwa kwa mita, Marekani wanataja futi. Mgandamizo wa hewa Marekani unasomwa kwa inchi za zebaki, karibu kwingine kote kwa hektopaskali, na mwanafunzi atakayerudi kwao lazima ajue vyote viwili. Hata maneno ya redio yalitofautiana: mpaka 2010 waongozaji wa Marekani walikuwa na kauli yao peke yao ya kumwambia rubani aingie kwenye njia ya kurukia na kusubiri, ndipo Septemba mwaka huo wakaiacha na kuchukua ile ya dunia nzima. Wamarekani huongea haraka redioni na hujiona wanaongea polepole. Hilo nalo ni somo.

Kwa wa Afrika Mashariki nilikuwa na somo la ziada ambalo halikuwemo kwenye mtaala. Florida iko usawa wa bahari. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko juu ya futi 5,500, na mchana wa joto hewa yake ni nyembamba zaidi ya hapo. Cessna iliyozoea kuinuka mapema kule Florida, hapo itakimbia na kukimbia, na ikiinuka itapanda kwa uvivu wakati vilima vya Ngong vinaisubiri upande wa magharibi. Kijana mwenye leseni mpya ya Marekani anayedhani ndege ni ileile ataogopa vibaya siku ya kwanza. Nilikuwa nawakalisha na majedwali ya kitabu cha ndege na kuwataka wapige hesabu ya kupaa Wilson saa nane mchana, wakiwa na abiria watatu na matangi yaliyojaa mafuta. Mara nyingi jibu lilikuwa kwamba abiria mmoja au wawili lazima washuke.

Zamani safari hii ya mbali haikuwa lazima kwa wengi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha shule ya urubani Soroti, Uganda, mwaka 1971, na Mkenya, Mtanzania na Mganda walikaa darasa moja. Jumuiya ikavunjika 1977, shule ikabaki Uganda. Wilson kuna shule nyingi sasa, na nazo zina wageni wao kutoka nchi jirani na mbali zaidi. Walimu wake wana matatizo yaleyale niliyoyataja, ila wao wanaweza kumuuliza mwanafunzi kwa Kiswahili kama amekula.

Baadhi ya wanafunzi wangu huniandikia. India leseni ya biashara huhitaji saa 200, na Ulaya kijana aliyepita mafunzo ya mfululizo huanza kazi kwenye shirika akiwa na kama hizohizo. Yule kijana mwenye redio nzuri alifaulu, akarudi kwao, akapitia mafunzo ya Airbus A320, na asubuhi moja nikapata picha yake akiwa na sare, mabega yana mistari yake, nyuma yake abiria wanaokaribia 180. Nilimpongeza kwa dhati, nikaweka simu mfukoni na kwenda kupima mafuta kwenye bawa la Cessna. Kwa sheria ya Marekani, mimi niliyemfundisha nilikuwa bado sijatimiza saa za kuruhusiwa kufanya kazi yake.